Barabara ya Musoma ipanuliwe, lakini si kwa kulipua kila jiwe

Kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kutoka Nyakato hadi Kisesa, saa za jioni, daladala, bodaboda, mikokoteni na malori ya mpakani Sirari hugombania nafasi ileile finyu. Kwa kipande hicho sina mjadala: njia nne zijengwe, tena haraka.

Wasiwasi wangu kuhusu njia nne unaanzia ukishaipita Kisesa. Kuelekea Magu na Lamadi, kinachotukwamisha ni lori zito linalopanda kilima taratibu huku dereva wa basi nyuma yake akilazimisha kulipita. Dawa yake ni njia ya tatu kwenye miinuko, malori yakae kushoto, wengine wapite. Iongezwe na mabega mapana ya lami kwa waendesha baiskeli. Usukumani baiskeli hubeba mkaa, maziwa na mgonjwa wa kupelekwa zahanati, na sasa hivi mwendeshaji akipigiwa honi hukimbilia mtaroni.

Njia nne mwanzo hadi mwisho zitadai baruti. Mawe ya itale yaliyobebana juu ya vilima ndiyo sura ya nchi yetu, na yakishageuzwa kokoto hakuna bajeti itakayoyarudisha. Halafu fikiria Lamadi: upande mmoja Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, upande wa pili Serengeti na lango lake la Ndabaka. Pale hata mwendo wa sasa ni mkubwa mno kwa usalama wa wanyama.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilitenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nafasi hiyo si lazima yote ifunikwe lami. Ziwa linapojitokeza, pawe na maegesho ya kando, vyoo, kivuli cha miti na meza za akina mama wanaouza sato na dagaa, ambao leo hulikimbilia basi likiwa bado linatembea.

Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka ziwa hilohilo mkoani Mwanza kwa urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko imekwisha, na abiria bado analiona ziwa lote dirishani. Kumbe inawezekana!

Kwa hiyo TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, watakapoleta michoro ya barabara hii, wakazi wa Magu na Busega tuulize mambo mawili: ni miamba ipi itaguswa, na gari litaegeshwa wapi?