Deki ya Futi Tano

Nilipompigia mke wangu kutoka Mbeya mjini kumwambia nimenunua deki kwa milioni mbili na laki mbili, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa:

"Baba watoto, deki hiyo ni ya kupigia nyumba ya nani?"

Sikumlaumu. Kwetu deki ni tambara, ndoo na sabuni ya unga. Lakini mafundi wa trekta nao wana deki yao: lile karai la chuma lililofunikwa kifudifudi chini ya tumbo la trekta, ndani yake visu vinazunguka kukata majani.

Shamba langu ni la parachichi, ekari tatu, nje kidogo ya Tukuyu. Anayeijua Tukuyu anajua kwamba huku mvua ndiyo mwenyeji, jua ni mgeni. Majani hayana likizo. Vijana wangu wawili walikuwa wanaanza na mafyekeo juu ya shamba, wakifika chini, juu kumeshaota tena. Ndipo nikapata katrekta kadogo ka mtumba, nguvu za farasi 22, kenye maandishi ya Kijapani ambayo mpaka leo sijui kama yanasema "washa" au "usiguse".

Dukani kulikuwa na deki mbili, ya futi nne na ya futi tano. Fundi wa pale, kijana mpole tu, akaniuliza, "Mzee, shamba lako lina mteremko kiasi gani?"

"Wa kawaida," nikajibu.

Akacheka. Mtu wa Tukuyu kusema mteremko wa kawaida ni kama mtu wa Kyela kusema joto la kawaida. Akanieleza: chukua ubao wa mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, uulaze sawa kwa pima maji, halafu pima ile ncha nyingine iko juu ya ardhi kiasi gani. Ikizidi sentimita 27 umevuka nyuzi 15, na watengenezaji wengi wa mashine za kukatia majani ukiwa umekaa wanakwambia uishie hapo. Tena, akasema, ardhi yenye mabonde na vinundu haitaki deki pana. Deki pana ikipita juu ya kinundu ni mlango uliolazwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Nyembamba inafuata ardhi. Unachotaka ni deki ipite matairi ya nyuma kidogo tu, usikanyage majani kabla hujayakata. Tukapima matairi yangu kutoka nje hadi nje: sentimita 112. Deki ya futi nne ni 122. Inatosha na chenji inabaki.

Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeongozana na shemeji.

Shemeji hajawahi kuendesha hata baiskeli ya matairi matatu, ila ni mtu wa hesabu. "Futi tano kutoa futi nne," akasema, "unaokoa futi nzima kila ukipita. Zidisha kwa shamba zima." Nikazidisha. Ili kumtuliza fundi nikampigia kijana wangu shambani apime huo mteremko. Akarudisha jibu baada ya dakika tatu: sentimita 8. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alipima pale uani tunapoanikia kahawa, kwa sababu ndipo ubao ulipokuwa.

Jumamosi, mwezi wa nne, usiku kucha ilikuwa imenyesha. Fundi alisema majani yakauke kwanza. Ila watoto wa jirani walishakaa kwenye kingo wanangoja, na shemeji amevaa buti mpya. Mtu utawaambia nini? Hata kile chuma cha nyuma ya kiti, cha kumkinga dereva trekta likipinduka, nilikuwa nimekikunja ili trekta liingie bandani. Kikabaki kimekunjwa.

Mstari wa kwanza, pale tambarare, ulikuwa mzuri kama zulia. Nikapunga mkono. Kisha nikafika kwenye kinundu cha kwanza nikasikia *krrrrr*, mawe madogo yanagonga chuma, injini inakoroma. Nikageuka nyuma: kipara. Udongo mweusi mtupu, kama mita moja. Kinundu cha pili, kipara cha pili. Mpaka nafika katikati, shamba lilikuwa kichwa cha mtoto mwenye mapunye.

Nikajaribu kukata kwa kukingama mteremko. Gurudumu la juu likawa jepesi ghafla, na makalio yangu yakaelewa kabla ya kichwa. Haraka nikageuza pua kushuka moja kwa moja. Ndivyo fundi alivyofundisha, lakini hakufundisha kwenye majani yenye maji. Nikakanyaga breki. Magurudumu ya nyuma yakasimama kwa utii. Trekta likaendelea.

Tuliteleza vile watoto wanavyoteleza na magome ya migomba, taratibu, kwa heshima, huku shemeji akikimbia pembeni akipiga kelele, "Simama! Simama!" Sijui alikuwa anamwambia nani. Nikawahi kuzima visu. Mwisho wa shamba langu ni mwanzo wa migomba ya mama jirani, na zile sentimita 20 za deki zilizochomoza kila upande ndizo zilizotangulia kusalimia. Tukanasa mgomba, trekta likazunguka robo, likatulia. Mkungu wa ndizi ukashuka polepole ukakaa juu ya boneti.

Mama mwenyewe akatokea, mundu mkononi, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka ndani ya migomba.

"Marahaba mwanangu. Ugonile?"

"Ndaga, mama," nikaitikia salamu yake ya Kinyakyusa.

Hakuuliza habari za trekta. Aliangalia juu, kwenye shamba langu lenye mapunye, akatikisa kichwa. "Majani yote haya umeyasaga, umeyamwaga chini? Hicho kitu chako kinatoa maziwa?"

Nililipa mgomba, nikalipa vijana tisa wa kuvuta kamba. Siku hizi kwenye mteremko anakata mama jirani mwenyewe kwa ajili ya ng'ombe wake, na sisi tunaletewa maziwa. Deki ya futi tano imelala chini ya upenu, na kuku wameamua ndilo banda lao la kutagia. Mke wangu akienda kuokota mayai huaga kabisa: "Jamani, nakwenda kupiga deki."

Nimeitangaza naiuza. Wamepiga simu watu wanne. Watatu wameuliza kama inakuja na ndoo yake.