Mjomba, meya wa Chicago hateuliwi

Mjomba wangu alikuwa mwenyekiti wa mtaa Ujiji miaka mingi. Juzi alinipigia akauliza: "Huyo meya wenu akimgomea Rais kuwasaka wahamiaji, Rais si anateua mwingine?" Nilicheka, kisha nikaona swali lake limegusa jambo kuliko kelele zote ninazosikia saluni hapa mtaani Rogers Park, Chicago.

Kwetu, mgeni akihamia mtaani, balozi wa nyumba kumi ana habari kabla hajafungua mizigo. Ukitaka kitambulisho, barua unaichukua kwa mwenyekiti. Uhamiaji wakija, wanaanzia kwake huyo huyo. Polisi wako chini ya IGP, mkuu wa wilaya kateuliwa na Rais, ruzuku ya halmashauri inatoka Hazina. Nani atathubutu kusema "hiyo si kazi yangu"?

Chicago wanathubutu. Polisi hapa ni wa jiji, uhamiaji ni kazi ya serikali ya shirikisho, na tangu mwaka 1985 meya Harold Washington alikataza wafanyakazi wa jiji kuwachunguza watu kuhusu uhamiaji wao. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikasema serikali ya shirikisho haiwezi kuwaamrisha maofisa wa majimbo na wilaya waifanyie kazi yake. Kinachonichekesha ni kwamba kesi ile ilifunguliwa na masherifu wa Montana na Arizona waliochoka kuambiwa wawachunguze wanunuzi wa bunduki. Leo miji inayowakinga wahamiaji inajificha nyuma ya ushindi wao.

Basi usichoweza kukiamrisha unakinunua. Mkono mtupu haulambwi. Januari 2017 Trump alitia saini amri ya kuinyima fedha miji isiyoshirikiana na maofisa wa uhamiaji. Jaji William Orrick wa San Francisco akaizuia, akisema mfuko wa fedha ni wa Bunge, si wa Rais peke yake. Mwaka 2025 amri zikarudi, jaji akawa yule yule, na Aprili akazuia tena. Msidhani majaji wote wana sauti moja, lakini: kuhusu ruzuku za polisi, mahakama ya rufaa ya huku iliipa Chicago ushindi mwaka 2018, na ile ya New York ikaipa serikali ushindi mwaka 2020.

Nyumbani wengi wanadhani "mji wa hifadhi" ni mahali pa kujificha. Sivyo. Ukikamatwa na polisi wa jiji, alama zako za vidole zinafika kwa watu wa uhamiaji hata jiji likinuna. Wao huandika ombi ushikiliwe hadi saa 48 zaidi, wakufuate. Hilo ombi ndilo linalokataliwa, kwa sababu halina saini ya jaji. Sheria ya Illinois ya mwaka 2017 inasema hivyo, na aliyeisaini ni gavana Bruce Rauner, wa chama hicho hicho cha Trump. Jaji akitoa hati, mtu anakabidhiwa kwao, nami sina neno na hilo. ICE, yaani hao watu wa uhamiaji wa shirikisho, hawazuiwi kuingia mjini; waulize waliouona msako wao hapa Septemba 2025.

Sipingi fedha kuwa na masharti. Mwaka 1984 Bunge liliyaambia majimbo: wauzieni pombe walio chini ya miaka 21, mkose sehemu ya fedha za barabara. Mahakama ikakubali, maana kilichokatwa kilikuwa kidogo na kilihusu ajali za barabarani. Lakini kutishia fedha za nyumba na mabasi ili polisi wa trafiki awe ofisa uhamiaji, hapo sharti limeshageuka rungu.

Labda nasema hivi kwa sababu mimi ni mtu wa mwisho wa reli, Kigoma. Mwaka wa Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji wa 2013, nilishushwa kwenye basi kwenye kizuizi kimoja, nikaulizwa babu yangu kazikwa wapi. Kiha changu, kinachofanana na Kirundi, kilitosha kunifanya Mrundi. Aliyeniokoa ni abiria aliyemjua mjomba. Baada ya pale, nyumbani kwetu mtu akiibiwa mbuzi alifikiri mara mbili kwenda kutoa taarifa, asije akaulizwa yeye kwanza.

Rafiki yangu kutoka Bukavu, aliyesubiri kambini miaka mingi hadi akapata karatasi halali, haniungi mkono. Anasema aliyeruka foleni asitetewe na kodi yake. Simlaumu, foleni yake naijua. Ila jirani yetu wa chini, mama ambaye karatasi zake sijawahi kuuliza, aliibiwa baiskeli ya mwanawe mwezi uliopita, akakaa siku mbili akijiuliza kama apige simu polisi.

Nilimsimulia mjomba. Akauliza, "Sasa, alipiga?"

Alipiga. Akaja polisi mmoja, akauliza rangi ya baiskeli na saa iliyoibiwa, akaandika, akaondoka. Karatasi hakuuliza. Baiskeli yenyewe haijapatikana.