Mfundisheni mbanguaji kabla ya kumlipa kwa kilo

Kila msimu wa korosho unapokaribia, vikundi vipya vya ubanguaji, yaani kutoa punje ndani ya ganda, huanzishwa kusini mwa Tanzania: Newala, Tandahimba, Masasi hadi Ruangwa. Fedha ya kwanza huenda kwenye mashine. Mbanguaji huoneshwa asubuhi namna ya kuvuta mkono wa mashine, mchana keshaanza kulipwa kwa kilo. Mtaji huvujia hapo, na inauma kuona lawama anabebeshwa yeye.

Ili kupata kilo 1 ya korosho karanga, yaani punje zilizobanguliwa, unahitaji kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi, zikiwa bado na ganda. Punje nzima ikigeuka vipande, bei huanguka, na hakuna mashine itakayoviunganisha tena.

Wengi hudhani punje huvunjwa na mkono mzito. Mara nyingi kosa limetangulia. Korosho isiyoiva vizuri kwa mvuke ganda lake hubaki gumu na punje hung'ang'ania ndani. Ikizidi kuiva, mafuta ya ganda hupenya na kuipaka punje rangi. Ikitoka kwenye mvuke na kubanguliwa papo hapo, punje bado ni laini, itapondeka. Iacheni ipoe hadi kesho yake. Kisha ukubwa: visu vikiwekwa kwa korosho ndogo, kubwa ikiingia hukatwa pamoja na punje yake. Hapa ubunifu ni chekeche tatu zenye matundu tofauti, kazi ambayo fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza.

Kwa hiyo mbanguaji apitishwe kwanza kwenye kuchambua, mvuke na ukaushaji, ajue korosho inayomfikia imetoka wapi. Siku hiyo hiyo afundishwe kujikinga, maana mafuta yale huunguza ngozi: glovu, au mikono iliyopakwa mafuta ya kula na majivu.

Wiki mbili za mwanzo mlipeni kwa siku. Malipo ya kilo humfundisha kuharakisha kabla hajajua umakini. Kila jioni chukueni kilo 2 za kazi yake, mtenganishe nzima na vipande, mpime, muandike. Wakivunja wote siku moja, kagueni mvuke na upangaji wa korosho kwa ukubwa. Akivunja mmoja, kagueni visu vyake na kimo cha kiti chake.

Baadaye lipeni kwa kilo za punje nzima, lakini vipande navyo viwe na bei yake ndogo. Bila hivyo vitafichwa kwenye maganda na kutupwa.