Jahazi la Muscat na mtepe wetu

Hapa Muscat, Oman, nikienda upande wa Al Bustan nalipita lile jahazi liitwalo Sohar limewekwa katikati ya raundabauti, roho inafurahi halafu inauma. Jamani lile si pambo tu, limeshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, likaondoka hapa Novemba 1980 likafika Canton, Uchina, Julai 1981, na njiani mabaharia wake wakapima nyota kwa kibao chenye kamba ya mafundo, kamba unaing'ata, ukingo wa chini unagusa upeo wa bahari, wa juu Nyota ya Kaskazini, fundo ndo linakwambia umefika usawa wa bandari gani.

Sasa nyie wa Lamu na Unguja, chombo cha kushonwa si mtepe huo? Si wetu? Mfano wake tuliuweka ndani ya Beit el Ajaib, makumbusho yetu ya Unguja, na 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo lile ikaporomoka, mnajua, sina haja ya kusema zaidi.

Najua nitaambiwa "huyu ameshajiona Mwarabu, wenzetu wana mafuta". Haya, mafuta wanayo. Ila mafundi wa kushona Sohar iliwabidi wawafuate visiwa vya Lakshadweep kule India, na baadaye wakarudia tena, jahazi jingine, Jewel of Muscat, likashonwa, 2010 likaenda mpaka Singapore. Sisi Matondoni, kijiji cha Lamu, mafundi wapo mpaka leo, wanaunda jahazi kwa jicho, mikono ile mimi naringa nayo popote! Lakini nani anawarekodi? Nani anakaa na manahodha wazee akaandika wanachokijua?

Na asiniambie mtu siku hizi kuna GPS. GPS naitaka kila chombo kiwe nayo, tumezika watu wa kutosha. Ila GPS inakwambia ulipo, haikufundishi pepo za misimu. Vasco da Gama 1498 alipewa rubani Malindi, wakapanda na mwanzo wa kusi, upepo wa kwenda India, mwezi haukuisha wakaiona India. Kurudi akaondoka kabla kaskazi, upepo wa kurudi huku, haijashika, miezi kama mitatu baharini, mabaharia wanakufa tu. Hayo wazee wetu walikuwa nayo kichwani, kwa nini chuo cha mabaharia kisiwe na somo lake?

Na wewe unayetaka kuniandikia nirudi nikaushone mtepe mwenyewe, kushona sijui, mchango nitatoa, leo hii, niambie tu nimpe nani.