Kijitabu kimekuja kwa posta, nikamkumbuka Mondlane

Hiki kitu kinaniuma tangu Novemba 2024. Nilitoka kazini usiku, nafungua sanduku la barua nakuta kijitabu, serikali ya Sweden imekituma kila kaya. Kinaelekeza kukitokea vita ufanye nini, uweke maji, chakula, redio ya betri, na ukisikia popote kwamba nchi imesalimu amri ujue ni uongo. Kila anayeishi hapa, kuanzia miaka 16 mpaka 70, ana wajibu kwenye ulinzi, na mimi mgeni nimo. Bibi wa mlango wa pili alikuwa ameshapanga madumu ya maji chini ya ngazi, kila dumu kalibandika tarehe.

Wiki hiyohiyo kebo mbili za mawasiliano zikakatika chini ya Bahari ya Baltiki, wengi wakashuku hujuma, na kwenye basi watu wanalijadili kawaida tu.

Sasa kumbukeni Mei 2024, kebo za intaneti za baharini za kwetu, EASSy na Seacom, zilipokatika. Sisemi ilikuwa hujuma. Ila napiga simu nyumbani Tanzania kila mtu ana lake, huyu anasema bando limeliwa, yule anasema wamezima makusudi, na kila mmoja anaamini la kwake. Siku adui akitaka kweli kutuvuruga, atapata kazi gani hapo?

Najua kuna wa kuja kusema umekaa Ulaya miaka minne tu ushaanza kutufundisha. Hapana jamani, sisi ndio tuliokuwa tunafundisha! FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, imezaliwa Dar 1962, Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, ilikaa Dar, wapiganaji wakafunzwa Kongwa na Nachingwea. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, akauawa palepale Dar kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu. Hiyo ndiyo vita isiyotangazwa, ilitugongea mlango kwa posta. Halafu Wareno walipoivamia Guinea mwaka 1970, Mwongozo wa TANU wa 1971 ukasema wazi ulinzi ni wa wananchi, mgambo wakaandaliwa mpaka vijijini. Hiki ninachokisifia huku tulikuwa nacho, sasa usalama wa taifa tunauongea kwa kunong'ona kana kwamba ni mali ya watu wachache!

Mwingine atasema sisi hatufungamani na upande wowote, ugomvi wa Mmarekani, Mrusi na Mchina hautuhusu. Ndugu yangu, mwaka 2019 Wagner, mamluki wa Kirusi, walikuwa Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma tu. Desemba 2020 Facebook walifuta akaunti feki za pande mbili, zile zilizohusishwa na watu wa karibu na jeshi la Ufaransa na zile za Warusi, zilikuwa zinajibizana zenyewe kwa zenyewe zikijifanya ni wenyeji wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watu wa nchi hiyo walimkosea nani?

Juzi mjomba katupia klipu ya Traoré, yule kiongozi wa kijeshi wa Burkina Faso, kwenye grupu la familia, sauti ya kutengeneza, mdomo hauendani na maneno. Nikauliza nani kaitengeneza na anataka tufanye nini, nikaambiwa Ulaya imenibadilisha. Mjomba, shikamoo, lakini wewe ndiye uliyetusimulia mlivyokuwa mgambo, kwamba mgeni akiingia kijijini swali la kwanza ni katoka wapi na katumwa na nani. Mimi nimeuliza hilohilo.