Kabla Hujakubali Kompyuta Yako Ifomatiwe, Uliza Inaumwa Nini

Saa mbili kasorobo asubuhi nafungua duka langu la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, mwendo wa dakika chache kutoka mpakani. Kwa karibu mwaka mzima, kitu cha kwanza nilichokifanya kila siku kilikuwa kubonyeza kitufe cha kompyuta, hata kabla ya kuweka mkoba chini. Kisha nikafagia, nikajaza karatasi kwenye printa, nikatoka nje kumsalimu jirani yangu wa chapati, nikarudi. Vidoti vilikuwa bado vinazunguka kwenye kioo.

Siku moja mzee mmoja, wakala wa forodha, aliingia na bahasha mkononi. Alihitaji barua ya kurasa mbili tu.

"Mama, lori langu liko kwenye foleni na dereva ananipigia simu kila dakika. Hiyo mashine yako imekufa?"

"Inawaka, mzee wangu. Nivumilie kidogo."

Alivumilia kidogo kweli. Kisha akaichukua bahasha yake, akavuka barabara, akaingia duka la pili. Simlaumu. Hapa mpakani mtu anayekuja kuchapa karatasi amekwisha kuchelewa kabla hajafika kwako.

Nilipoanza kuuliza watu, jibu lilikuwa moja: ipigwe Windows upya, yaani diski inayohifadhi kila kitu ifomatiwe (ifutwe yote), kisha Windows, mfumo unaoendesha kompyuta, iwekwe mpya. Fundi alisema hivyo, mpwa wangu anayesoma Tororo alisema hivyo, hata kijana anayeuza kava za simu alisema hivyo. Ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta inachelewa kuwaka, piga Windows. Inajizima, piga Windows. Printa haionekani, piga Windows.

Naipinga tabia hii kwa nguvu zangu zote, na nina sababu. Miaka michache iliyopita nilimpelekea fundi mmoja kompyuta iliyokuwa na tatizo hilihili. Nilirudishiwa jioni ikiwa safi kama imetoka dukani. Safi kabisa. Orodha ya wanachama wa chama chetu cha akiba, pamoja na kila mchango wa miaka mitatu, haikuwemo. Barua za wateja hazikuwemo. Picha za mazishi ya mama yangu, ambazo nilikuwa nimezihamisha kutoka kwenye simu ili nizihifadhi vizuri, hazikuwemo. Nilipouliza, niliambiwa, "Mama, hukusema kuna kitu." Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Na baada ya wiki sita mashine ilirudia uzito wake uleule, kwa sababu ugonjwa wenyewe haukuwa umeguswa.

Ndiyo maana safari hii nilikataa. Nilisema haitafomatiwa mpaka nijue inaumwa nini.

Kilichonisaidia kuliko yote ni saa ya simu. Watu husema "inachelewa kuwaka" kana kwamba kuwaka ni kitendo kimoja, kumbe ni vitatu. Cha kwanza ni toka unapobonyeza kitufe hadi nembo ya Windows itokee: hapo bodi kuu, ile inayounganisha vifaa vyote, inajikagua, inahesabu RAM (kumbukumbu ya kazi ya muda), inatafuta diski ya kuanzia. Cha pili ni toka nembo hadi unapoombwa nenosiri: Windows yenyewe inajisoma kutoka kwenye diski. Cha tatu ni toka nenosiri hadi uweze kufungua barua na kuandika: programu zilizojipanga kuanza zenyewe zinagombania nafasi. Pima kila kipande peke yake, andika kwenye karatasi. Karatasi yangu ilisema: sekunde 14, dakika 2 na sekunde 50, dakika 3 na sekunde 20.

Mtu akiziona namba hizo anajua tayari pa kutopoteza muda. Kipande cha kwanza kilikuwa kizima, kwa hiyo bodi na betri ndogo iliyo juu yake hazikuwa na neno. Shida ilianzia pale diski ilipoanza kusomwa.

Nilianza na kipande cha tatu kwa sababu hakigharimu hata shilingi. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, linafunguka dirisha linaloonyesha kila kinachoendelea ndani ya mashine, na humo kuna sehemu yenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta. Zangu zilikuwa kumi na saba. Kulikuwa na programu ya printa niliyoiuza zamani, programu mbili za kupigia simu za video, na programu mbili za kuzuia virusi, kila moja ikikagua kila faili ambalo mwenzake analifungua. Mbili za namna hiyo kwenye mashine moja hazikupi ulinzi maradufu; zinakuchosha tu. Niliondoa moja kabisa, na katika zile nyingine nikazuia kumi na moja zisijianzishe. Kuzuia si kufuta: programu inabaki, unaifungua siku unapoihitaji. Kipande cha tatu kilishuka hadi dakika mbili na nusu.

Faida ipo, lakini mzee wa lori bado angeondoka.

Dirisha lilelile lina mstari wa diski, na huu ndio niliotakiwa kuutazama tangu mwanzo. Baada ya nenosiri, mstari ulipanda hadi asilimia 100 ukakaa hapo, huku prosesa, ubongo wa kompyuta, ikiwa chini ya asilimia 20 na RAM bado ina nafasi. Maana yake kila kitu ndani ya mashine kilikuwa kimepanga mstari kusubiri diski. Nikazima feni ya dukani, nikainama karibu na kasha. Kulikuwa na mlio mdogo, tik, kimya, tik tik, kimya.

Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika kwenye kompyuta za mezani, na juu yake kuna mkono mwembamba unaokwenda huku na huko kutafuta data. Kwa faili moja kubwa lililolala pamoja, diski hiyo inajitahidi. Lakini Windows inapoanza inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na mkono ule unaweza kufanya safari kama mia moja hivi tu kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, na safari hizo inazifanya makumi ya maelfu kwa sekunde. Tofauti kubwa iko hapo, kuliko hata kwenye prosesa ambayo wauzaji wanapenda kuitaja.

Halafu diski hujiwekea kumbukumbu ya afya yake yenyewe. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayoisoma kumbukumbu hiyo na kukuonyesha kwa rangi: bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Yangu ilikuwa njano. Ilikuwa na sehemu zilizokwisha kuharibika na kuhamishiwa kwingine, na nyingine zinazosubiri kuamuliwa kwa sababu zimeshindwa kusomeka. Kila Windows ilipogusa sehemu kama hizo, diski ilijaribu, ikajaribu tena, na mimi nikaona vidoti vinazunguka.

Sasa fikiria fundi anaifomati diski ya namna hii. Windows mpya inaandikwa, huenda ikaangukia sehemu zenye afya, hakuna programu kumi na saba za kugombana, na kwa wiki chache unamsifu. Ni kama kupaka rangi ukuta unaovuja maji kwa ndani. Fundi amekwisha kula pesa yake, na wewe umekwisha kupoteza mafaili yako.

Ukiona njano au nyekundu, kitu cha kwanza ni kunakili mafaili yako mahali pengine. Usianze na ule ukaguzi mrefu wa kurekebisha diski ambao watu hupenda kuushauri, maana unaisoma diski kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski mgonjwa inaweza kufia humo humo. Nilikopa diski ya nje kwa mwalimu jirani yangu, nikanakili usiku kucha, na mafaili mawili tu yakagoma.

Asubuhi nikapanda teksi kwenda Kampala. Kule madukani niliambiwa mara tatu kwamba kompyuta yangu imezeeka, ninunue nyingine, kwa sababu Windows 10 imekwisha na Windows 11 haitaipokea. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Ni kweli Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa masasisho ya usalama ya muda kwa wanaojiandikisha. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Hilo ni suala la usalama, na kila mwenye mashine ya zamani analazimika kulipangia. Lakini haliifanyi kompyuta ichelewe kuwaka. Diski inayokufa inachelewesha kompyuta ya mwaka wowote, na anayekuuzia mashine nzima kwa ajili ya ugonjwa wa kifaa kimoja anakuonea, hasa akijua kwamba hiyo ni ada ya shule ya mtoto wako.

Nilinunua SSD ya GB 240 kwa shilingi 110,000 za Uganda na nikarudi nyumbani jioni ileile. Kuifunga kulichukua skrubu nne, waya wa data na waya wa umeme. Kisha nikapiga Windows upya. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sababu sikutaka kuhamisha mfumo kutoka kwenye diski iliyoshindwa kusomeka. Sipingi dawa hiyo. Napinga kuitoa kabla ya kumpima mgonjwa na kabla ya kuokoa alivyobeba.

Karatasi ya pili ilisema: sekunde 12, sekunde 19, sekunde 15.

Si kila kuchelewa kunatoka kwenye diski. Kompyuta yangu ya pili, ile ya mteja kujiandikia mwenyewe, ilipoteza dakika nzima na nusu kwenye kipande cha kwanza, kabla hata ya nembo. Saa yake ilikuwa inarudi miaka mingi nyuma kila umeme ulipokatika, na tovuti zikakataa kufunguka kwa sababu kwa tarehe hiyo vyeti vyao vya usalama vilionekana havijaanza kutumika. Ilikuwa ni betri ile bapa kama sarafu kwenye bodi kuu, CR2032. Ikiisha, bodi inasahau mipangilio, na yangu ikarudia mpangilio wa kiwandani wa kutafuta mfumo kwenye mtandao kwanza, ikisubiri jibu ambalo halipo, ndipo ikumbuke diski. Betri mpya, nikarudisha diski iwe ya kwanza, dakika ile ikatoweka. Angalia pia kama kuna flashi ya mteja imesahaulika nyuma. Hiyo nayo inaweza kuizuia mashine palepale.

Vumbi la barabara yetu, na malori haya yote, lifute. Linaziba feni, prosesa inapata joto na inajipunguzia kasi.

Kuna jambo jingine ambalo naliona kwa wengi wanaofanya kazi kama yangu. Tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa njia ya kawaida mara nyingi si kuizima kabisa: mfumo unahifadhi sehemu yake kwenye diski ili kesho uwake haraka. Ni kitu kizuri, lakini uchafu uliojikusanya ndani unahifadhiwa nao, na unaweza kukaa mwezi mzima hujawahi kuanza upya kwa kweli. Kuchagua kuanzisha upya (Restart) ndiko kunakoondoa uchafu huo na kuanza mwanzo, bila kugusa mafaili yako. Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi jioni. Na umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili linaweza kubaki nusu, na siku inayofuata Windows itapoteza muda ikikagua. UPS ndogo, kile kifaa chenye betri ya akiba, inayokupa hata dakika tano za kuzima kwa utaratibu ni kitu ningekinunua kabla ya kioo kipya.

Kwa hiyo fundi akikuambia "tufomati tu, mama", mwulize ni kipande kipi kati ya vile vitatu kinachochelewa. Mwulize diski ina rangi gani. Mwambie akuonyeshe kwenye kioo, na mwambie mafaili yako yako wapi kabla hajagusa kitu. Fundi mzuri hatachukia. Nimempata mmoja hapa Busia, kijana mdogo, na alipoona karatasi yangu ya sekunde alivuta kiti akakaa.

Diski ya zamani nimeifunga kwenye gazeti, nimeiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito, iko kwenye droo. Yale mafaili mawili yaliyogoma bado yamo humo, na kijana ameniambia atakuja Jumapili ajaribu kuyatoa.