Ligandi nene zinaisaidia shaba hadi wapi?

Juzi pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, niliwakuta wanafunzi wawili wa kemia wakibishana juu ya ligandi, yaani molekuli zinazoishika ayoni ya metali. Mmoja alishikilia kwamba kadiri ligandi inavyonenepa ndivyo shaba inavyokuwa salama. Mwenziwe akajibu kwamba shaba iliyofungiwa haifanyi kazi. Naona wote wawili walipima unene, wakasahau kuuliza unazuia nini.

Kwenye mwanga, wa kwanza ana hoja nzito. Shaba(I), yaani ayoni ya shaba yenye chaji moja chanya, ikishikwa na fenanthrolini mbili, ligandi bapa zenye nitrojeni, ligandi hizo hupishana, moja imesimama na nyingine imelala. Ikifyonza mwanga, shaba hugeuka kwa muda mfupi kuwa kama shaba(II), yenye chaji mbili, ambayo hupenda kujilaza bapa. Ikilala, kiyeyusho hupata upenyo na nishati huishia kuwa joto. Tia methili, kikundi kidogo cha kaboni moja, kwenye nafasi ya 2 na ya 9, karibu na nitrojeni, nazo zitagongana kabla haijalala: msisimko hudumu takribani nanosekunde 90 ndani ya kiyeyusho cha diklorometheni. Tia tert-butili, kikundi kinene cha kaboni nne, unapita mikrosekunde 3, yaani nanosekunde 3,000. Kwa anayetafuta mbadala wa rutheni, metali adimu na ghali inayotumika kunasa mwanga, hilo si dogo.

Ila tert-butili hizohizo hubanana mno hata mshiko wenyewe ukalegea. Asetonitrili, kiyeyusho ambacho hushika shaba kwa unyonge, inatosha kung'oa ligandi moja. Usalama uko wapi hapo?

Oksijeni ndiyo inayonivutia zaidi. Pweza tunayemla Pwani husafirisha oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama sisi. Mwaka 1989 Kitajima na wenzake nchini Japani walitumia ligandi yenye isopropili, kikundi cha kaboni tatu, wakaipata oksijeni imelala ubavu katikati ya shaba mbili. Mwaka 1994 muundo wa hemosianini, protini ya shaba inayobeba oksijeni, ya mnyama wa baharini aitwaye Limulus ukaonyesha mkao uleule. Mwaka huohuo, kundi la Kitajima liliweka tert-butili upande unaoielekea shaba. Shaba ya pili ikakosa pa kusogelea, ikabaki moja na oksijeni yake. Mwanafunzi wa pili ataita hicho kifungo. Kwa anayechunguza vimeng'enya vyenye shaba moja, ndicho hasa alichokuwa akikitafuta.

Nikawatajia neokuproini, fenanthrolini yenye methili mbili tu. Chuma(II) huhitaji ligandi tatu ili kitoe rangi yake nyekundu, na methili hizo haziachi nafasi ya tatu kutosha. Shaba(I) huhitaji mbili, nayo hutoa rangi ya machungwa. Ndipo maji yenye metali zote mbili hupimwa shaba bila chuma kuingilia.